Vifungo vya Chini ya Dirisha

Jumapili, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: ninapenda kwenda hospitali.

Aibu gani! Mama akitoka huko macho yamemvimba. Baba anafanya kazi palepale — ndiye mkata nyasi wa hospitali tangu kabla sijazaliwa — lakini siku hizi akifika getini anavuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Mimi je? Mimi nasubiri kengele ya mwisho shuleni ili nikimbilie huko. Kwa sababu Kaka yupo, na Kaka ndiye mtu pekee anayeongea nami kana kwamba nina la kusema. Darasani wananiita Bubu. Yeye ananiita Kobe. "Kobe, toa kichwa!" anasema nikichungulia mlangoni. Nami natoa.

Figo zake zimechoka. Baadhi ya siku anafungwa kwenye mashine inayomsafisha damu. Siku nyingine analala tu, kitanda cha dirishani, anatazama uwanja wa nyasi. Alikuwa amepata nafasi ya chuo, akasome mimea. Sasa mimea yake ni hiyo inayoonekana kwenye kioo.

Leo kanionyesha kitu. Kuna gugu dogo pale uwanjani, ua lake la manjano, la mviringo, kama kifungo cha shati. Sisi tunaliita kifungo tangu utotoni. Baba alikata nyasi Jumatano. "Alhamisi asubuhi," Kaka akasema, "vifungo vyote vimechanua kama vile Baba hakupita. Unajua kwa nini?" Sikujua. "Vinachanua vimelala. Kisu cha mashine kinapita juu yake. Sasa nenda nyuma ya chumba cha kufulia, pale ukutani, mashine ya Baba haifiki. Kaangalie, kisha uniambie."

Nilikwenda. Nyuma ya kufulia vifungo vinanifika magotini! Gugu lilelile, ua lilelile, majani yaleyale yenye meno. Ila hivi vimesimama wima kama askari.

Niliporudi alikuwa amekaa, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima. Akasema miaka yote hii Baba anachagua bila kujua. Kinachosimama kinakatwa kabla hakijatoa mbegu. Kinacholala kinazaa. Na watoto wa kinacholala —

Hapo Baba akaingia, buti zimejaa vipande vya nyasi.

"Baba," Kaka akamwambia, "wewe ni nguvu ya mageuzi ya viumbe."

"Mimi nakata nyasi tu, mwanangu."

"Ndiyo hiyohiyo."

Baba akamgeukia muuguzi, kama anayeuliza ni dawa gani hiyo waliyompa mtoto. Tulicheka hadi mzee wa kitanda cha pili akagonga chuma cha kitanda chake.


Jumatano, 6 Machi

Tatizo ni hili. Kaka anasema huenda vifungo vya uwanjani ni vifupi kwa sababu tu vinakatwa, kama kucha. Acha kuvikata, vitasimama. Hapo hakuna mageuzi, kuna mkasi tu. Njia ya kujua ni moja. Chukua mbegu za pande zote mbili, zipande kwenye udongo mmoja, maji sawa, jua sawa, na asitokee mtu wa kuvikata. Watoto wa uwanjani wakilala hata pasipo kisu, basi kulala kumo ndani yao. Wamerithi. Mbegu zenyewe hazina mabawa wala miiba ya kudandia watu. Zinaanguka miguuni pa mama yao. Kwa hiyo kila upande una ukoo wake.

Nimechuma mbegu mchana kweupe, nimechuchumaa mbele ya wagonjwa wote waliopanga foleni, uso unawaka. Mama mmoja akaniuliza hiyo ni dawa ya nini. Nikasema "Hapana" nikakimbia. Hapana! Jibu gani hilo.

Kisha makopo ya nyanya kumi na mawili, nimeyaosha, nimeyatoboa, nimeyabeba na udongo kwenye gunia hadi wodini. Kaka alitaka kupanda mwenyewe, juu ya ile meza ya kulia chakula kitandani. Udongo kwenye shuka! Muuguzi akasimama ameshika kiuno. "Hii ni wodi au shamba?" Kaka: "Shamba, dada. Karibu jembe." Akaondoka anajizuia kucheka, akarudi na fagio, akanipa mimi.

Sharti lake Kaka: nisijue kopo lipi ni la upande gani. "Ukijua, macho yatakudanganya. Utaona unachokipenda." Basi nikageuka nikatazama ukuta. Nyuma yangu msumari unakwaruza bati, chini ya kila kopo. Mstari kwa vya uwanjani, duara kwa vya ukutani. Halafu akayachanganya kama karata. Sipindui kopo hata moja hadi vyote vichanue. Nimeapa.

Tumeyapanga nyuma ya nyumba, karibu na bomba. Baba alisaidia kushusha gunia, hakuuliza kitu.


Ijumaa, 15 Machi

Vimeota!! Vijani viwili viwili, vidogo kuliko kucha ya mtoto.

Na siku hiyohiyo mwalimu wa baiolojia akaanza mada ya mageuzi. Aliuliza nani anaweza kutaja ushahidi unaoonekana leo, kwa viumbe walio hai, si mifupa. Yule mcheshi wa dawati la nyuma akasema mbona sokwe wa bustani ya wanyama hajapandishwa cheo akawa mwalimu. Darasa likaanguka kicheko, mwalimu mwenyewe kacheka. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni kama uji wa moto. Mkono ukabaki chini ya dawati. Mwalimu akaniona. "Wewe ulitaka kusema?" Sauti kutoka nyuma: "Bubu yuko likizo, mwalimu! Mdomo umefungwa hadi muhula ujao." Nikatikisa kichwa. Hapana, mwalimu. Hapana tena.

Nilimsimulia Kaka nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema sokwe ni binamu yetu, si babu yetu, na binamu hadaiwi kufanana nawe. Akauliza kwa nini sikutaja mende. Mende wa jikoni kwetu! Ile dawa Mama aliyokuwa akinyunyizia tukiwa wadogo, walipinduka miguu juu wote. Siku hizi wanaipitia kama manukato. Waliokufa hawakuacha watoto. Wachache walioistahimili ndio wazazi wa hawa wote wanaotukanyagia vyombo.

Kisha akanyoosha mkono wenye mrija. "Na hapa je? Kuna vijidudu humu vimeingilia pale wanaponichoma. Dawa ya kwanza havikuisikia. Ya pili, wapi! Sasa nimepewa ya tatu. Vinageuka haraka kuliko kitu chochote, Kobe." Alisema hivyo kama shabiki anayesifia bao la timu nyingine. Nilicheka naye. Njiani kurudi sikucheka.


Alhamisi, 28 Machi

Nimepima kwa rula. Vyote vinafanana! Majani yamekaa kama sahani juu ya udongo, kopo hili na lile sawasawa. Hakuna kilichosimama, hakuna kilicholala, kwa sababu hakuna chenye kikonyo bado.

Nimesoma pia jambo la kuudhi kwenye kitabu cha maktaba. Mama aliyedhoofika huzaa mbegu dhaifu. Kwa hiyo kizazi cha kwanza kikiwa kifupi huenda ni njaa ya mama yao tu, si urithi. Ili kuwa na hakika lazima kuvuna mbegu za makopo na kupanda tena. Kizazi cha pili. Nilimweleza Kaka. "Naam," akasema, "nilijua utafika hapo." Akafumba macho. "Kizazi cha pili ni chako basi."

Sikupenda alivyosema.

Homa haishuki. Ile dawa ya tatu nayo inaonekana imezoeleka. Mama ameacha cherehani yake imefunikwa, wateja wanakuja mlangoni kuulizia sare za watoto wao na yeye anawatazama kama hawajui lugha moja.


Jumapili, 14 Aprili

Nimefanya jambo.

Walituruhusu kuingia mmoja mmoja. Amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa. Hakusema toa kichwa. Nilikaa. Nilidhani amelala, kumbe ananisikiliza nikipumua.

"Vimechanua?"

Havijachanua. Jana nimetazama, hata tumba moja hakuna. Nilifungua mdomo niseme bado kidogo, Kaka, vumilia. Nikamwangalia mkono. Nikasema:

"Ndiyo."

Macho yakafunguka. "Vimekaaje?"

"Vingine vimesimama. Vingine vinachanua vimelala."

"Umepindua?"

"Nimepindua. Vilivyolala ni mstari. Vyote. Vilivyosimama ni duara, vyote."

Mimi! Ambaye siwezi kumjibu mama wa foleni. Maneno yalitoka kama maji ya bomba.

Machozi yakamtiririka Kaka kuelekea masikioni. Alikuwa anatabasamu. "Vyote," akasema. Halafu, "Niitie Baba."

Nilimwita Baba. Nilisimama mlangoni. Kaka akamwambia polepole, akipumzika katikati ya maneno, kwamba tumemaliza, imethibitika, kuna kiumbe hai hapa duniani kimebadilika kwa mkono wa Baba. Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akasema, "Kweli, mwanangu?" Kaka akasema, "Muulize Kobe. Ameona kwa macho yake."

Baba akanigeukia.

Nikatikisa kichwa juu chini. Ndiyo, Baba.


Ijumaa, 19 Aprili

Kaka amefariki leo asubuhi. Nilikuwa darasani. Somo la jiografia.


Jumatatu, 22 Aprili

Tumemzika jana. Mama alimtafutia shati lile la bluu, akakuta lina kifungo kimoja kimepungua, akafunua cherehani, akatoa sindano, akakishona. Akakata uzi kwa meno. Ndipo akalia.

Nyumba imejaa watu. Shangazi amechukua jikoni, anagawa kazi kama mkuu wa jeshi. Mimi ameniambia nikae na wageni. Wageni wananiuliza niko darasa la ngapi.

Baba hajalia. Anawaambia watu habari za gugu. Kila anayempa mkono anamwambia. Baba Mdogo alipofika kutoka safari, hata hajaweka begi chini, Baba akamwambia: "Alikuwa mtaalamu, unajua. Pale hospitali kuna jani nimelibadilisha mimi mwenyewe, miaka yote hii, sina habari. Yeye aligundua. Na huyu mdogo wake akapima, akathibitisha." Baba Mdogo akanipigapiga bega. Alisema hongera. Msibani! Hongera.

Nilikwenda chooni nikakaa huko hadi Shangazi akagonga.


Jumatano, 24 Aprili

Nimeamka nikasikia swi, swi, swi, nyuma ya nyumba. Panga la kufyekea. Baba. Amefyeka ua wote, nyasi za kando ya bomba, za chini ya kamba ya nguo, za ukutani. Ua umekuwa safi kama sakafu.

Na makopo.

Ameyapitia yote kumi na mawili. Kwa mkasi wa Mama. Sawasawa, kimo cha vidole viwili, kile kimo anachokata kazini, mikono yake haijui kimo kingine. Vikonyo vilikuwa vimeanza, juzi tu vimeanza, vyote bado wima! Vipande vyake vilikuwa vimetapakaa chini pamoja na majani, nimevikanyaga kabla sijavitambua.

Sijui nilitoa sauti gani. Baba aligeuka. "Nini?"

"Makopo, Baba."

"Si mlimaliza?" Alikuwa ameshika mkasi, anautazama. "Kaka yako aliniambia mmemaliza. Nikaona nisafishe, watu bado wanakuja."

Nikasema ndiyo. Tulimaliza. Hakuna neno, Baba.

Akaniangalia kidogo. Halafu akaenda kuosha mkasi wa Mama, akaufuta na shati lake, akaurudisha mahali pake.


Jumapili, 5 Mei

Wageni wameondoka. Kimya cha nyumba hii sasa kina uzito, unakibeba ukivuka sebule.

Kopo moja limekauka. Kumi na moja yanachipua upya. Nimefikiri sana. Vyote vilikatwa siku moja, kimo kimoja, na mkono mmoja. Kwa hiyo ni haki bado, kwa vyote. Kaka angesema endelea. Naendelea kumwagilia lakini sipimi. Nikishika rula, nairudisha kwenye begi.

Kwa nini naogopa? Niandike wazi, hakuna anayesoma hapa. Kama vilivyolala vitakuwa na mstari, basi nilimwambia Kaka kweli kabla haijawa kweli. Kama sivyo — kama vimechanganyika ovyo, mstari umesimama, duara limelala — basi kitu cha mwisho alichokiamini duniani ni uongo wangu. Akaenda nao. Na Baba bado anao, anauvaa kila siku kama koti.

Naweza kuyapindua makopo leo. Hata sasa hivi. Naweza pia kuyatupa, mtu asijue milele.


Jumatano, 15 Mei

Nimepita hospitali. Sikupenda. Ile hamu yangu ya zamani imekufa naye.

Uwanja wote umekatwa, safi, isipokuwa kipande kimoja. Chini ya dirisha lake. Pale nyasi zimefika goti, na ukizipekua chini kabisa unakuta vifungo vimelala gizani, vimepauka, havipati jua. Vilijifunza kumkwepa Baba, sasa Baba haji, majirani wao warefu wanavisonga. Nilijisahihisha papo hapo kwa sauti ya Kaka: havikujifunza, Kobe. Vilibaki. Kujifunza ni kwako wewe.

Muuguzi yule wa "wodi au shamba" alinikuta nimeinama. Alinishika mkono tu kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini nimwambie Baba akate kile kipande, msimamizi wa mazingira amelalamika mara mbili, safari ya tatu ataandika barua.

Nyumbani nilimwambia. Baba alikuwa anavua buti. "Nikifika pale," akasema, "mkono unazima mashine wenyewe." Akaweka buti moja kando ya nyingine, akazinyoosha zilingane.

Mama kutoka ndani: "Na ukifukuzwa, tule nyasi?" Lakini sauti yake haikuwa ya ugomvi. Akaleta chai ya Baba akakaa karibu naye, bega kwa bega.


Alhamisi, 23 Mei

Matumba! Kila kopo. Na sasa tofauti inaonekana hata ukiwa umesimama mlangoni. Vingine vimeinua shingo. Vingine vimelaza vikonyo juu ya udongo, vinatambaa hadi ukingo wa kopo kama vidole vya mtu anayening'inia.

Sijapindua.

Leo mwalimu wa baiolojia alirudisha daftari. Kwangu ameandika pole kwa msiba. Akaniita baada ya kipindi, akasema siku ile nilikuwa nataka kusema kitu, alikiona usoni, na bado anapenda kukisikia siku nikiwa tayari. Nilisema, "Sijui kama ni kweli, mwalimu." Akasema hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kusema. Sikuelewa hadi nilipofika nyumbani. Sina hakika kama nimeelewa hata sasa.


Jumamosi, 1 Juni

Vimechanua vyote.

Baba alikuwa bombani anaosha mikono. Akaona ile manjano. Akaja na mikono inadondosha maji, akasimama juu ya makopo. "Ndivyo vyenyewe hivi," akasema. "Hivi vilivyolala ndivyo vyangu, siyo?" Na akatabasamu. Mara ya kwanza tangu siku ile. Akanyoosha kidole kwa kifungo kilicholala, akakigusa taratibu kama shavu la mtoto mchanga.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Nimelisema mara ngapi!

Nikasema, "Sijui, Baba."

"Hujui vipi? Si ulipindua?"

"Sikupindua. Vilikuwa havijachanua. Nilimdanganya Kaka. Aliniuliza, nikaona mkono wake, nikamdanganya. Na wewe pia."

Maji yalikuwa bado yanatiririka bombani. Baba akaenda akalifunga. Akakaa bombani akinipa mgongo, muda. Nilidhani hataniambia neno tena maisha yake yote. Kisha:

"Nimewaambia watu."

"Najua."

"Nimemwambia hadi msimamizi."

"Najua, Baba."

"Siku zote hizi umelibeba peke yako?"

Baba akageuka. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Uso wake ulikuwa umelegea, kama kitu kilichokuwa kimeushikilia kimeondolewa. Ndipo akalia. Tulilia wote wawili pale, kwenye zege la bomba, Mama akatokea na sindano mdomoni, akatuona, akarudi ndani polepole.

Baada ya hapo Baba akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Haya," akasema. "Pindua."

Tulivitenga kwanza kwa macho. Vilivyolala huku, vilivyosimama kule, ili tusije kubadili mawazo. Vitano vimelala. Sita vimesimama. Baba anainua kopo, mimi nachungulia chini.

Vilivyolala: mstari. Mstari. Mstari. Duara. Mstari.

Vilivyosimama: duara, duara, duara, mstari, duara, duara.

Baba akawa bado ameshika lile kopo la mwisho juu, kama mtu anayesubiri aambiwe aliweke wapi. "Sasa?"

"Kaka alikuwa sahihi," nikasema. "Karibu. Viwili vimekataa."

"Wewe ulimwambia vyote."

"Nilimwambia vyote."

Akafikiri. "Angekuwepo angesemaje?"

Nilijua vizuri kabisa angesemaje. Angepiga kofi. Angesema viwili hivyo ndivyo vizuri zaidi, vyote vingekuwa sawa ningekushuku, Kobe. Angeng'amua! Kama angekuwa mzima, siku ile ile niliposema "vyote" angenitazama na kujua. Au alijua. Alitabasamu huku analia, akalirudia lile neno. Vyote. Sitajua. Hilo halina alama ya kupindua.

Nikamwambia Baba angesema kizazi kimoja hakitoshi.


Jumapili, 9 Juni

Jumatano Baba alikata nyasi chini ya dirisha. Hakutuambia, niliona tu buti zimejaa vipande vya nyasi ndefu. Alhamisi nilipita baada ya shule. Ile manjano ilikuwa imetapakaa chini, imechanua yote. Kitandani kwa Kaka yupo mtu mwingine, kijana, amegeuza uso kwenye kioo. Alikuwa anatazama uwanja. Nikatamani kugonga nimwambie. Sikugonga. Lakini nilibaki pale mpaka akaniona.

Leo mbegu za makopo zimekomaa. Nimezichuma kwa mafungu, za mstari peke yake, za duara peke yake, na zile za viwili vilivyokataa pia kwenye mafungu yao. Zote zimezaliwa kwenye udongo mmoja, kwa mama aliyekula sawa. Sasa hakuna kisingizio cha njaa. Nimeosha makopo, nimetafuta lingine badala ya lililokufa, nimesugua chini hadi alama za Kaka zimefifia. Kopo moja nimeliacha. Sikuweza. Nimelificha chini ya kitanda changu, tukatafuta lingine.

Nilimwomba Baba awe yeye.

"Niwe nini?"

"Mwenye kujua. Unapanda, unakwaruza, unachanganya. Mimi sitakiwi kujua. Na usiniambie, Baba, hata nikikuomba. Hata nikilia."

"Na nikisahau nikasema?"

"Wewe? Wewe husemi kitu hata ukiulizwa saa."

Mama alicheka ndani. Tulimsikia. Baba akachukua msumari.

"Mstari ndio upi tena?"

"Uwanjani. Duara ukutani."

"Mstari uwanjani," akasema, kama anayekariri njia ya kwenda mahali.

Nikageuka nikatazama ukuta. Nyuma yangu msumari ukaanza kukwaruza bati, pole pole, kwa bidii ya mtu asiyezoea. Kopo moja, jingine, jingine. Halafu ukakoma. Nikamsikia Baba anapumua kwa mdomo, ameshikilia bati lenye alama ya Kaka iliyofifia, hakwaruzi.

Sikugeuka.

Nilisimama hivyohivyo, macho ukutani, hadi msumari ulipoanza tena.